Nani anadaiwa? Maana na matumizi ya neno “shall”

Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 2015, huko Le Bourget nje kidogo ya jiji la Paris, kikao cha mwisho cha mkutano wa dunia kuhusu mabadiliko ya tabianchi kilichelewa kuanza kwa sababu ya neno moja. Rasimu ya mwisho ya mkataba ilikuwa imekwisha kugawiwa kwa wajumbe. Katika ibara ya 4, kifungu cha 4, sentensi iliyozitaka nchi zilizoendelea ziendelee kuwa mstari wa mbele kwa kujiwekea malengo ya kupunguza gesi joto ilikuwa na neno “shall”, ilhali Marekani ilitarajia kuona “should”. Ujumbe wa Marekani ulisema hauwezi kuukubali mkataba ukiwa hivyo, kwa kuwa wajibu mpya wa kisheria wa namna hiyo ungelazimu mkataba upelekwe Seneti, ambako mikataba huhitaji theluthi mbili ya kura, na hakuna aliyedhani kwamba kura hizo zingepatikana. Hatimaye ofisa wa sekretarieti alisoma orodha ya masahihisho yaliyoitwa ya kiufundi, na humo ndani “shall” ikageuzwa kuwa “should” kana kwamba ni kosa la mchapaji. Laurent Fabius, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa aliyekuwa mwenyekiti, akagonga nyundo, na mkataba ukapita.

Aliyejifunza Kiingereza katika shule zetu anaweza kushangaa kwa nini dunia nzima ilisubiri kwa ajili ya neno hilo. Tulifundishwa kwamba “shall” ni pacha wa “will”, kwamba yote mawili ni ya wakati ujao, na kwamba tofauti yake ni ya nafsi tu: mimi na sisi tunachukua “shall”, wengine wote wanachukua “will”. Kwa mafunzo hayo kisa cha Paris hakieleweki hata kidogo. Kinaeleweka tukirudi kwenye asili ya neno, kwa sababu maana zake nyingi, ambazo kwa juu juu zinaonekana kugombana, zimetoka kwenye shina moja, nalo ni deni. Ugomvi unaoendelea kulizunguka, kuanzia mahakama za Nairobi na Dar es Salaam hadi Washington, hutokea kwa kuwa neno lenyewe hutangaza kwamba pana deni, lakini mara nyingi halisemi mdaiwa ni nani, mdai ni nani, na deni lisipolipwa itakuwaje.

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, neno hili liliandikwa “sceal”, na mtu aliweza kulitumia kama kitenzi kamili chenye maana ya kudaiwa, iwe ni fedha au kitu kingine. Ndugu zake bado wako hai katika Kijerumani, ambako “Schuld” ni deni na pia ni hatia, na “sollen” ni kupaswa. Kutoka kudaiwa fedha, maana ilipanuka ikawa kupaswa kutenda, na kutoka kupaswa kutenda ikawa kwamba jambo hilo litatendeka. Hatua hii ya mwisho haina ajabu: mtu akisema kwamba anapaswa kusafiri kesho, msikilizaji huchukulia kwamba kesho atasafiri. “Should”, neno lile lililoinusuru Paris, kwa asili ni umbo la wakati uliopita la “shall” yenyewe, ambalo baadaye lilipoa likawa ushauri.

“Will” nayo ilitoka upande mwingine kabisa. Asili yake ni kutaka. Kiingereza hakikuwa na umbo la kitenzi la wakati ujao, kwa hiyo kiliazima maneno mawili, moja la kudaiwa na jingine la kutaka, likafanya kazi hiyo kila moja kwa njia yake. Sisi tulipita njia ya pili. Kiambishi chetu cha “-ta-” kinaaminika na wanaisimu wengi kuwa ni kifupi cha “taka”, na ushahidi wake tunautamka kila siku bila kuutambua: tunasema “atakuja”, lakini tukiweka kirejeshi tunasema “atakayekuja”, na ile “taka” nzima inajitokeza tena. Kwa hiyo anayetafsiri “shall” kwa “-ta-” anachukua neno la deni na kuliweka kwenye kiambishi cha hiari. Hilo si kosa, kwa sababu maneno husahau asili zake, lakini tutaona mbele kwamba limewasumbua watu.

Kanuni ya nafsi

Kanuni ile ya darasani ina mwandishi anayejulikana. Ni John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, ambaye mwaka 1653 alichapisha sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini, akikusudia kuwasaidia wageni waliokuwa wakitatizika na maneno haya mawili. Alisema kwamba katika nafsi ya kwanza “shall” hubashiri tu, wakati “will” huahidi au hutisha. Na kwamba katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka, “will” ikabashiri na “shall” ikaahidi au kutisha. Tukiipima kanuni hiyo kwa kipimo cha deni, inaonekana ina akili kuliko inavyosifiwa. Ninapojisemea kwamba ninadaiwa, sijitishi wala sijiamrishi, ninaeleza hali yangu. Lakini ninapomwambia mwenzangu kwamba anadaiwa, ninambebesha mzigo. Vivyo hivyo ninaposema ninataka, ninaonyesha nia yangu, na ninaposema kwamba yeye anataka, ninakisia tu.

Walimu wa karne zilizofuata waliigeuza kanuni hiyo kuwa sheria ya adabu, wakaipamba kwa kichekesho cha mgeni aliyetumbukia mtoni akapiga kelele “I will drown, and no one shall save me”. Kwa masikio ya watu wa London waliofuata kanuni, maskini yule alikuwa ametangaza kwamba amekusudia kufa maji na kwamba anapiga marufuku mtu yeyote kumwokoa, basi wakamwacha atimize nia yake. Katika masimulizi ya kichekesho hicho mgeni huwa Mskoti, Muairishi au Mfaransa, jambo linaloonyesha kwamba hata katika visiwa vya Uingereza na Ireland kanuni hiyo ilikuwa ya watu wa kusini mwa Uingereza, tena wenye elimu. Waskoti, Waairishi na Wamarekani walikuwa wakitumia “will” kwa nafsi zote na mambo yao yalikwenda sawa. Mwaka 1925 mwanaisimu wa Marekani Charles Fries alichapisha utafiti alioufanya kwa kuhesabu matumizi yenyewe katika maandishi, badala ya kuyatungia sheria, akaonyesha kwamba waandishi hawakuwa wakiifuata kanuni ile kama vitabu vya sarufi vilivyodai.

Tena Winston Churchill mwenyewe aliivuruga. Tarehe 4 Juni 1940 aliliambia Bunge lake “we shall fight on the beaches”, na hakuna aliyesikia utabiri wa hali ya vita. Kila mtu alisikia kiapo. Kwa kanuni ya Wallis angepaswa kusema “will”, lakini kufikia wakati huo “shall” ilikuwa imekwisha kuwa neno zito, la sherehe na la maandiko, na uzito huo peke yake ulitosha kuleta maana ya azma.

Uzito huo ulitoka kwa kiasi kikubwa katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, na hapa Kiswahili kinatupa kioo kizuri cha kuzitenganisha maana. Katika Kutoka sura ya 20 amri inasema “Thou shalt not kill”, na watafsiri wetu wakaandika “Usiue”. Hawakuandika “Hutaua”. Katika Zaburi ya 23, “I shall not want” imekuwa “Sitapungukiwa na kitu”, wala si “Nisipungukiwe”. Neno ni lilelile, lakini mara ya kwanza limekuwa katazo kwa hali tegemezi, na mara ya pili limekuwa tumaini kwa wakati ujao. Mwingereza anaweza kuzisoma sentensi zote mbili bila kuamua ni maana ipi, ilhali Mswahili hana budi kuamua kabla hajafungua kinywa.

Katika mazungumzo ya leo “shall” imebaki na kazi chache. Iliyo hai zaidi, hasa Uingereza, ni ya kuuliza kwa kujitolea au kwa kushauriana: “Shall I open the window?” si swali kuhusu siku zijazo, ni kusema “Nifungue dirisha?”, na “Shall we go?” ni “Twende?” tu. Hapa pia hali tegemezi ndiyo inayobeba maana, na deni bado lipo kwa mbali, kwa kuwa muulizaji anamwachia msikilizaji uamuzi wa kumbebesha kazi hiyo au kutombebesha. Kazi ya pili ni ahadi ya mwenye uwezo kwa asiye nao: “You shall have your money” maana yake ni kwamba mimi ninayesema ndiye ninayechukua dhamana ya fedha zako. Kwingine kote watu husema “will”, au hulikata neno likabaki “’ll”, na hapo hakuna anayejali lilikuwa lipi.

Ndani ya mkataba wa pango

Mahali ambapo neno hili limegoma kuzeeka ni katika sheria. Atakayeufungua mkataba wowote wa kupanga nyumba ulioandikwa kwa Kiingereza atakuta “shall” karibu kila mstari, na kosa ni kudhani kwamba zote ni za aina moja. “The tenant shall pay the rent on the first day of every month” ni deni halisi: mdaiwa ni mpangaji, mdai ni mwenye nyumba, na tarehe inajulikana. “The tenant shall not sublet” ni katazo: mpangaji asimpangishe mtu mwingine. Lakini “The rent shall be 300,000 shillings” si amri kwa mtu yeyote, kwa sababu kodi haiwezi kuamrishwa iwe kiasi fulani. Hilo ni tangazo, na “is” ingetosha. “This agreement shall commence on 1 July” nayo ni tangazo. “If the tenant shall fail to pay” ni sharti tu, na mpangaji hakuamrishwa kushindwa kulipa, ingawa kwa maneno yalivyo mtu mtundu anaweza kusoma hivyo. Hatimaye kuna “The deposit shall be refunded”, yaani amana itarejeshwa, ambayo kwa mpangaji ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa ni deni la kweli lililofichiwa mdaiwa. Itarudishwa na nani? Mwenye nyumba, dalali aliyeipokea, au mnunuzi atakayeinunua nyumba mwezi ujao? Sentensi imekaa kimya, na ukimya huo ndio unaofikisha watu mahakamani.

Wataalamu wa uandishi wa sheria wamelipigia kelele jambo hili kwa muda mrefu. George Coode, mwanasheria wa Uingereza, alikwisha kuonya katika miaka ya 1840 kwamba “shall” ifungamanishwe na mtu anayepewa wajibu, isisambazwe ovyo kwenye vitu na matukio. Katazo la kawaida la sheria za Kiingereza, “No person shall”, lina mkanganyiko wake wa kuchekesha: likisomwa neno kwa neno, kwa kushika maana ya wajibu, linasema kwamba hakuna mtu anayelazimika kufanya jambo fulani, na hiyo ni tofauti kabisa na kusema kwamba kila mtu amekatazwa kulifanya. Hakuna jaji anayelisoma hivyo, lakini linaonyesha jinsi waandishi wa sheria wanavyotegemea mazoea kuliko maana.

Mazoea yakishachanganya mambo, majaji huanza kuchagua. Mwaka 1995, katika shauri la Gutierrez de Martinez dhidi ya Lamagno, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikiri kwamba ingawa “shall” kwa kawaida ni lazima, waandishi wa sheria wakati mwingine huitumia, au huitumia vibaya, kwa maana ya ushauri, ya wakati ujao, na hata ya ruhusa tu. Miaka kumi baadaye, mwaka 2005, mahakama hiyohiyo iliamua shauri zito zaidi lililotoka mji wa Castle Rock, Colorado. Mama mmoja alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mumewe waliyetengana, na sheria ya jimbo ilisema kwamba polisi “shall arrest” anayeivunja amri ya aina hiyo, au waombe hati ya kumkamata. Mume alipowachukua mabinti zao watatu mwaka 1999, mama aliwapigia polisi simu mara kadhaa usiku ule na hakuna aliyekamatwa, na watoto wakauawa. Majaji saba dhidi ya wawili walisema kwamba kwa desturi ndefu ya polisi kuwa na hiari ya kukamata, neno “shall” peke yake halikutosha kuiondoa hiari hiyo, na kwamba mama hakuwa na haki inayolindwa na Katiba ya kudai amri itekelezwe. Kwa maneno mengine, hata kama polisi walikuwa na deni, yeye hakuwa mdai wake. Nikiri kwamba kati ya mashauri yote yanayohusu neno hili, hilo ndilo ninaloona gumu kulikubali, lakini linaonyesha waziwazi mahali pengo lilipo.

Kenya: neno lililotaka kuvunja Bunge

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 27(8) inaitaka serikali ichukue hatua za kisheria na nyinginezo ili kutekeleza msingi kwamba wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa walio wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Katika maneno ya Kiingereza sentensi hiyo ina “shall” mbili: serikali “shall take” hatua, na wasiozidi theluthi mbili “shall be” wa jinsia moja. Ya kwanza ina mdaiwa, ambaye ni serikali. Ya pili haina, kwa sababu si mpiga kura mmoja mmoja anayeweza kulipa deni la kuhakikisha kwamba hesabu ya Bunge zima inalingana.

Mwaka 2012, kabla ya uchaguzi wa kwanza chini ya katiba hiyo, Mahakama ya Juu iliombwa ushauri: je, kanuni hiyo ifanye kazi papo hapo, au polepole? Majaji walio wengi walijibu kwamba “shall” hugeuka kuwa amri ya papo hapo pale tu ambapo kazi yenyewe iko tayari kutekelezwa kama ilivyo, bila maandalizi mengine, na kwamba neno hilohilo linaweza kubeba wajibu wa muda mrefu. Kwa hiyo wakasema utekelezaji uende hatua kwa hatua, lakini sheria iwe imepatikana kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao, akaona kwamba kanuni ilipaswa kutimizwa tangu uchaguzi ule wa kwanza. Tofauti ya maoni iliwagawa watu waliokuwa wakisoma sentensi moja, katika katiba moja, iliyoandikwa miaka miwili tu kabla.

Tarehe hiyo ilifika na kupita, na sheria haikupatikana. Hapo ndipo ibara ya 261 ilipoingia, kwa kuwa hiyo ni mojawapo ya ibara chache zinazosema kitakachofuata deni lisipolipwa: Bunge likishindwa kutunga sheria iliyoagizwa hata baada ya amri ya Mahakama Kuu, Jaji Mkuu “shall advise” Rais alivunje Bunge, na Rais “shall dissolve” Bunge. Mwandishi wa ibara hii alifanya kila kitu ambacho Coode angependa. Aliwataja wadaiwa kwa vyeo vyao, akataja kitendo, na hakuacha mlango wa hiari. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alilipa sehemu yake, akamwandikia Rais Uhuru Kenyatta kumshauri alivunje Bunge. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo huku mashauri ya kuupinga yakisubiri kusikilizwa. Bunge halikuvunjwa. Liliendelea hadi uchaguzi wa Agosti 2022.

Watetezi wa pande zote mbili walikuwa na hoja ambazo si za kubeza. Waliotaka Bunge livunjwe walisema kwamba ikiwa “shall” iliyo wazi kiasi hicho si lazima, basi hakuna lazima yoyote katika Katiba. Waliopinga walisema kwamba Bunge jipya lingechaguliwa kwa utaratibu uleule, na lingekuwa na upungufu uleule wa wanawake, na kwa hiyo lingestahili kuvunjwa tena. Mimi naona hoja ya pili inahusu ubaya wa dawa, haihusu maana ya neno. Neno lilikuwa limesema kila kinachoweza kusemwa, na kilichokosekana kilikuwa nje ya sarufi: mtu wa kumshika Rais mkono aandike.

Tanzania na kifungu kinachojifafanua

Tanzania ilijaribu kulimaliza tatizo kwa njia nyingine, yaani kwa kutunga sheria inayosema neno lina maana gani. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinaeleza kwamba sheria inapotumia “may” katika kumpa mtu mamlaka, mtu huyo anaweza kuyatumia au kuacha, na inapotumia “shall” katika kumpa mtu jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Jambo la kufurahisha ni kwamba kifungu chenyewe, katika Kiingereza chake, kinasema neno “shall” litafsiriwe hivyo kwa kutumia neno “shall”, ambalo kwa wakati huo bado halijafafanuliwa. Lakini limefafanuliwa kwa kutumia “must”, na hapo mtunga sheria alionyesha bila kukusudia kwamba lile neno jingine ndilo alilokuwa akiliamini.

Kifungu hicho hakikulimaliza tatizo. Katika shauri la Fortunatus Masha dhidi ya William Shija na mwenzake, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1997, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kuwapo kwa “shall” hakukifanyi kila kifungu kuwa cha lazima, na kwamba hilo hutegemea mazingira ya kila shauri. Baadaye, katika mashauri ya jinai, mahakama hiyo imeona kwamba hata “shall” zilizomo katika sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai husomwa pamoja na kifungu cha 388 cha sheria hiyo, kinachouliza kama kasoro ya utaratibu imeleta ukosefu wa haki. Hakimu akisahau kutimiza jambo ambalo sheria imesema “shall”, swali halimaliziki kwa kulionyesha neno, bali linaendelea: je, mshtakiwa aliumia kwa kusahauliwa huko? Wapo wanasheria wanaolalamika kwamba mtindo huo unailegeza sheria. Lakini bila huo kila hukumu ya haki ingeweza kufutwa kwa sababu ya karani kuruka mstari.

Wengine waliamua kulikimbia neno lenyewe. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inatumia “must”: kifungu cha 7 kinasema dola “must” kuheshimu, kulinda, kuendeleza na kutimiza haki zilizomo. Huko Marekani, kanuni za mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho ziliandikwa upya, zikaanza kutumika tarehe 1 Desemba 2007, na “shall” ziling’olewa humo kama magugu. Moja ilirudi. Kanuni ya 56, inayohusu hukumu inayotolewa bila shauri kusikilizwa kwa ukamilifu pale ambapo hakuna ubishi wa kweli juu ya ukweli wa mambo, ilikuwa imewekewa “should” mwaka 2007, na watu wakaanza kuuliza kama jaji sasa ana hiari ya kukataa. “Must” nayo ilionekana kali mno. Mwaka 2010 waliokuwa wakizirekebisha kanuni hizo walirudisha “shall”, kwa kuwa miongo mingi ya hukumu ilikuwa imekwisha kulipa maana ambayo hakuna neno jingine lililokuwa nayo.

Wahandisi ndio waliofanikiwa zaidi, pengine kwa kuwa hawakuwa na historia ya kulinda. Katika viwango vya kimataifa vya ISO, “shall” ni sharti, “should” ni pendekezo, “may” ni ruhusa, na “can” ni uwezekano, basi. Viwango vya Afrika Mashariki hufuata mtindo huohuo, na ndiyo maana kiwango cha mahindi kinapotaja unyevu usiozidi asilimia 13.5, mkulima mwenye gunia la asilimia 15 hana nafasi ya kujadiliana kuhusu mazingira ya kila shauri. Kwenye intaneti, waraka unaojulikana kama RFC 2119, wa Machi 1997, ulitangaza kwamba “must” na “shall” ni kitu kimoja. Tofauti na sheria ni kwamba hapa jibu la swali la tatu, la itakuwaje deni lisipolipwa, liko wazi: kifaa hakitawasiliana na kingine, au gunia litarudishwa.

Kwa watumiaji wa Kiswahili suala hili limeacha kuwa la Waingereza tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipoibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, na kazi ya kuzitafsiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ikashika kasi. Katiba ya mwaka 1977 ilikuwa imekwisha kuonyesha njia moja: “Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano”, inasema ibara ya 33, na kisha “Rais atakuwa ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu”. Hayo ni matangazo, na “-ta-” inayabeba vizuri. Shida iko kwenye madeni halisi. “Rais atalivunja Bunge” ikiwa katika kichwa cha habari ni utabiri, ikiwa kinywani mwa msemaji wa Ikulu ni ahadi, na ikiwa katika sheria inatakiwa iwe amri. Msomaji wa kawaida, ambaye ndiye aliyekusudiwa na mabadiliko ya mwaka 2021, haoni alama yoyote inayomwambia kwamba hii ni “-ta-” ya sheria na siyo “-ta-” ya gazeti.

Tena Kiswahili hakikukosa maneno. Tuna “lazima”, tuna “sharti”, tuna “anapaswa”, tuna “hana budi”, na kwa makatazo tuna “haruhusiwi” na “ni marufuku”. Kwa maoni yangu mtafsiri afanye kile ambacho watafsiri wa Kutoka na Zaburi walikifanya: aulize kila “shall” inafanya kazi gani kabla ya kuigusa. Penye tangazo aandike “ni” au “itakuwa”. Penye sharti la “ikiwa” aachane nayo kabisa. Penye katazo aseme wazi kwamba ni katazo. Na penye deni amtaje mdaiwa kwanza, ndipo aweke “ni lazima”. Mkataba wetu wa pango, ukiandikwa hivyo, hautasema tena kwamba amana itarejeshwa. Utasema: “Ni lazima mwenye nyumba amrudishie mpangaji amana yake ndani ya siku 14 tangu mpangaji alipohama, asipofanya hivyo, mpangaji anaweza kumdai mahakamani.”